Ghorofa Tupu Katika Mtaa wa Makazi Malindi: Namna ya Kujua Ukanda Unaruhusu Nini na Kuomba Kibali

Swali la nini kinaruhusiwa kufanywa na ghorofa tupu katika mtaa wa makazi hunijia karibu kila wiki, na huja kwa sura tatu. Mmoja amerithi ghorofa ya nyumba za kupangisha kule mtaa wa Barani, ambayo haijakaliwa tangu wapangaji wa mwisho wahame. Wa pili amenunua nyumba za likizo zilizofungwa upande wa Casuarina na anataka kuzipangisha kwa familia za hapa hapa mjini. Wa tatu anaishi ubavuni mwa jengo tupu na anataka kujua kama mwenyewe anaruhusiwa kuligeuza hosteli. Wawili wa kwanza huwa wameshapiga hesabu ya saruji na rangi kabla ya kuniuliza. Nawaomba waanze na karatasi, kwa sababu nimemwona mwenye nyumba akipaka rangi milango minane, kisha akaambiwa kwamba milango sita kati ya hiyo haimo katika plani iliyoidhinishwa.

Mwongozo huu ni wa Malindi, yaani Kaunti ya Kilifi, na unafuata Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, nambari 13 ya 2019. Msomaji wa Lamu anaweza kufuata hatua nyingi zilizomo humu, lakini ikiwa nyumba yake imo ndani ya Mji wa Kale, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, atahitaji pia idhini ya wahifadhi kabla ya kugusa hata dirisha.

Nadharia ni fupi. Ukanda, yaani sehemu ya mji iliyotengewa matumizi fulani katika mpango wa ardhi, hujibu maswali mawili: ardhi hii itumike kwa kazi gani, na jengo la ukubwa gani linaruhusiwa juu yake. Ukanda wa makazi wenyewe si wa aina moja, kwa maana zipo sehemu zilizotengewa nyumba moja kwa kila ploti, na zipo zinazoruhusu familia nyingi katika jengo moja. Jengo kukaa tupu hakuubadilishi ukanda, wala hakulipatii ruhusa ambayo halikuwa nayo lilipokuwa na watu.

Wengi wamesoma maelezo ya miji ya Marekani, ambako jengo linalovumiliwa kwa sababu tu lilikuwepo kabla ya kanuni mpya, mara nyingi hupoteza haki hiyo likiachwa tupu kwa muda uliotajwa na mji husika. Basi huja kwangu wakihesabu miezi kwa hofu. Hapa kwetu usianze na miezi. Sheria ya 2019 inachukulia kuwa uendelezaji kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi, pamoja na badiliko la msingi katika matumizi ya jengo, na uendelezaji huo hauruhusiwi bila kibali cha kaunti. Kwa hiyo unapaswa kujiuliza: matumizi yaliyoidhinishwa ni yapi, na ninayoyataka mimi ni yapi?

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nakala ya hatimiliki, pamoja na matokeo ya upekuzi rasmi ya hivi karibuni kutoka masjala ya ardhi.
- Risiti za kodi ya ardhi ya kaunti. Kama ardhi ni ya kukodi kutoka kwa Serikali, utahitaji pia uthibitisho kwamba hudaiwi kodi hiyo.
- Plani ya zamani iliyoidhinishwa, hata kama imeliwa na mchwa pembeni.
- Utepe wa kupimia, daftari, na picha za jengo kutoka pande zote nne.
- Pesa za kumlipa mpangaji miji aliyesajiliwa, na mhandisi wa majengo aliyesajiliwa. Ada za kaunti hupangwa katika Sheria ya Fedha ya Kaunti, ambayo hubadilika, kwa hiyo uliza kiwango cha mwaka huu mezani na udai risiti.

Hatua

1. Hakikisha ardhi ni ya nani, na jengo ni la nani.

Mtu wa bara akisoma hatua hii huona kama swali moja limerudiwa mara mbili. Mtu wa Pwani anajua kwamba ni maswali mawili. Tuna mtindo wetu wa nyumba bila ardhi, ambapo mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, huku nyumba yenyewe ikiuzwa, ikirithiwa na kupangishwa kana kwamba imesimama hewani. Mwenye nyumba wa namna hiyo anaweza kuwa na karatasi za mauzo za miaka mingi, zote halali baina yake na aliyemuuzia, lakini asiwe na hatimiliki ya kuambatisha katika maombi ya kibali. Ukiwa katika hali hii, zungumza na mwenye ardhi kwanza na upate ridhaa yake kwa maandishi, iliyosainiwa mbele ya wakili, ikitaja matumizi hasa unayotaka kuyaomba. Usiridhike na neno la "endelea tu, hapana shida" lililosemwa barazani, kwa maana mwenye ardhi akifariki, warithi wake hawatafungwa na maneno ambayo hawakuyasikia.

Ukifanya upekuzi, kumbuka kwamba hati nyingi za zamani za Pwani zenye nambari inayoanza na C.R. zilisajiliwa Mombasa. Usikate tamaa ukiambiwa Kilifi kwamba faili haipo.

2. Soma masharti yaliyo nyuma ya hati.

Watu husoma jina na ukubwa wa ploti, kisha wakaikunja. Hati nyingi za ardhi ya kukodi zina orodha ya masharti maalumu, na moja kati ya hayo husema wazi kama ardhi itumike kwa nyumba moja ya makazi, kwa nyumba nyingi, kwa hoteli au kwa biashara. Sharti hilo linakubana hata kama mtaa mzima umejaa ghorofa. Angalia pia muda uliobaki. Mwenye ardhi asiyekuwa raia wa Kenya hawezi kushikilia zaidi ya miaka 99 kwa mujibu wa kifungu cha 65 cha Katiba, na nyingi kati ya nyumba za likizo zilizofungwa hapa Malindi zilikuwa mikononi mwa wageni.

3. Tafuta plani iliyoidhinishwa.

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Nenda kwenye ofisi ya mipango ukiwa na nambari ya ploti na mwaka ambao jengo lilijengwa, hata kama unaukisia. Majengo yaliyojengwa kabla ya 2013 yaliidhinishwa na baraza la mji la wakati huo, kwa hiyo taja hivyo, ili karani ajue rafu ya kutafuta.

Ukiipata, iweke juu ya meza na utazame vitu vitatu kwa mpangilio huu: muhuri na tarehe, maneno ya kichwa cha mchoro yanayotaja aina ya jengo, na idadi ya majiko katika kila sakafu. Jiko ndilo linalosema ukweli. Plani moja niliyoifungua na familia moja, iliyokuwa imekunjwa ndani ya bomba la plastiki miaka mingi juu ya kabati la marehemu mjomba wao, ilikuwa na sakafu mbili, vyumba vya kulala sita, na jiko moja tu chini. Katika jengo lenyewe tulihesabu majiko manane. Kuta za kati zilikuwa zimejengwa baadaye kwa matofali membamba, na mabomba ya maji yalipita nje ya ukuta kama mizizi ya mti. Familia ile iliamini kwa dhati kwamba ina ghorofa ya nyumba nane. Kwa kaunti, ilikuwa na nyumba moja kubwa.

4. Uliza ukanda kwa maandishi.

Andika barua fupi kwa ofisi ya mipango ya kaunti, ukitaja nambari ya ploti na kuuliza mambo haya: ploti imo katika ukanda gani wa mpango unaotumika sasa, je, makazi ya familia nyingi yanaruhusiwa, ni asilimia ngapi ya ploti inaruhusiwa kufunikwa na jengo, sakafu ngapi, umbali gani uachwe kutoka barabarani na kwa majirani, na magari mangapi yawekewe nafasi. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao na moja irudi nawe ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21.

*Tahadhari:* Usichukue jengo la jirani kuwa ndilo jibu. Huenda jirani alipata kibali maalumu, au alijenga chini ya mpango wa zamani, au hana kibali kabisa na siku yake ya kuulizwa haijafika. "Mbona yule amejenga?" si hoja ya kupeleka mezani.

5. Pima jengo lako na ulinganishe.

Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe. Chukua ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100, ambayo ni futi za mraba 5,000. Tuseme jengo limekalia futi 35 kwa 60, yaani 2,100. Gawanya 2,100 kwa 5,000: jengo limefunika asilimia 42 ya ploti. Kama lina sakafu tatu zilizo sawa, jumla ya sakafu zote ni 6,300, ambayo ni asilimia 126 ya ploti. Hizo mbili ndizo namba ambazo afisa atazitazama kwanza. Zikizidi kiwango cha ukanda, ni bora ujue sasa ukiwa na daftari mkononi kuliko kuambiwa baada ya kulipa ada.

Kama ploti iko karibu na uwanja wa ndege wa Malindi na unafikiria kuongeza sakafu, urefu wa jengo una mamlaka yake nyingine, ile ya usafiri wa anga, na kibali cha kaunti peke yake hakitoshi.

6. Amua uko katika hali gani.

Kwanza, ikiwa plani ni ya nyumba nyingi, ukanda unaruhusu, na jengo linalingana na plani, huombi kubadilisha matumizi. Kazi yako ni ukarabati. Uliza tu kama kazi unayokusudia inahitaji kibali cha ukarabati kabla mafundi hawajasimamisha jukwaa.

Pili, ikiwa plani ni ya nyumba moja, hoteli au nyumba za wageni, na wewe unataka makazi ya familia nyingi, hilo ni badiliko la matumizi. Wanunuzi wa nyumba za likizo hushangaa hapa, maana wanaona vitanda ni vile vile na majiko yamo. Lakini mgeni wa wiki moja na familia yenye watoto wa shule ni matumizi mawili tofauti mbele ya sheria.

Tatu, ikiwa unataka kutumia sehemu tu kwa kazi nyingine, kama duka au chekechea sakafu ya chini huku juu wakikaa watu, hilo huitwa kuongeza matumizi, nalo pia linahitaji kibali.

7. Kagua jengo kabla ya kuliombea lolote.

Kibali cha karatasi hakishikilii dari. Hewa ya chumvi ya hapa kwetu hupenya zege na kuozesha nondo kutoka ndani. Kutu huvimba, na zege hupasuka kufuata mstari wa chuma. Ingia ukiwa na nyundo ndogo na ugonge chini ya ngazi, chini ya vibaraza vya ghorofani, na kingo za dari chini ya matangi ya maji ya juu. Zege zima hutoa sauti kavu na fupi; lililoachana na chuma hulia kama kifuu kitupu. Ukiisikia sauti hiyo, usimpandishe mtu kwenye kibaraza hicho mpaka mhandisi afike.

Kisha fungua mfuniko wa tangi la septiki. Majengo mengi ya Malindi hutegemea tangi na shimo la kunyonyea, na tangi lililochimbwa kwa ajili ya nyumba moja halitahimili familia nane. Angalia lilivyo karibu na kisima, chako na cha jirani. Bwana afya ataliuliza hili kabla ya jambo jingine lolote, na ni haki yake, kwa sababu watakaokunywa maji yale ni watoto wa mtaa mzima.

Ikiwa jengo liko Shella ya hapa Malindi, karibu na Msikiti wa Juma na makaburi yake ya nguzo, ulizia pia kwa Makumbusho ya Kitaifa kuhusu sheria ya urithi ya 2006.

8. Andaa na uwasilishe maombi.

Mpangaji miji ataandika ripoti inayoeleza ploti, ukanda, matumizi yanayoombwa, maji, taka, barabara na magari. Mwombe akusomee ripoti hiyo kabla ya kuisaini, na uhakikishe idadi ya nyumba iliyotajwa ni ile ile katika ripoti, katika fomu na katika mchoro. Maombi mengi niliyoona yakirudishwa yalirudishwa kwa sababu fomu ilisema nyumba sita na mchoro ukaonyesha nane. Wazee wa ofisini bado huiita fomu ya maombi PPA1 na ya majibu PPA2, kwa majina ya sheria iliyofutwa, kwa hiyo usibabaike ukiyasikia.

Umma pia lazima uarifiwe, ili mwenye pingamizi alilete. Bandika tangazo mahali linaposomeka kutoka barabarani, ulipige picha likiwa na tarehe, na uende wewe mwenyewe ukawaeleze majirani wa pande zote. Jirani aliyebishiwa hodi na kuelezwa kwa adabu huuliza maswali yake hapo hapo kibarazani. Aliyekuta tangazo ukutani huanza na wakili.

9. Hesabu siku.

Kaunti ina siku 7 za kuzipelekea idara nyingine nakala ya maombi yako, na idara hizo zina siku 14 za kutoa maoni. Usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kwamba kibali kimetolewa. Lakini kanuni hiyo humsaidia tu mwenye ushahidi wa siku aliyowasilisha maombi kamili, ndiyo maana muhuri wa kupokelewa juu ya nakala yako ya maombi una thamani kubwa. Siku ya 61 ikifika, andika barua ya kueleza hivyo na upate muhuri wake pia, kabla ya kuita fundi.

10. Baada ya kibali.

Soma masharti yaliyoambatishwa. Sajili mradi na uajiri mkandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, waite wakaguzi katika kila hatua iliyotajwa, na usiingize mpangaji kabla ya kupata cheti cha kuruhusu jengo likaliwe. Kama unakusudia kuuza kila nyumba kwa mtu wake, Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 ndiyo itakayokuongoza, nayo ni safari nyingine.

*Tahadhari:* Kuanza uendelezaji bila kibali ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Mambo yakikwama

*Plani haipatikani popote.* Ajiri msanifu majengo aliyesajiliwa apime jengo lilivyo na kuchora plani ya hali halisi, kisha uiombee idhini. Usichore jengo unalolitaka na kulipeleka kama ndilo lililopo. Mkaguzi atakuja na utepe wake.

*Hati iko kwa jina la marehemu.* Maombi hayatasonga mpaka mirathi ishughulikiwe. Waislamu wengi wa hapa huipeleka kwa Kadhi wa Malindi. Fanyeni hivyo mapema na kwa pamoja, maana ndugu mmoja akiomba kibali kimyakimya, wengine huleta pingamizi, na jengo huendelea kuoza huku kila mmoja akiwa na haki yake.

*Kuna watu wanaishi ndani.* Usiwang'oe milango. Kwa ardhi ya kibinafsi, Sheria ya Ardhi inataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kwa wanaokaa bila idhini. Kwa upande mwingine, usiliache jengo bila kulitembelea, kwa kuwa mtu aliyekaa waziwazi kwa miaka 12 bila idhini yako anaweza kwenda mahakamani kudai ardhi iwe yake. Mlinzi wako naye mpe mkataba wa maandishi unaosema yumo kwa idhini yako.

*Majirani wamepinga.* Omba nakala ya pingamizi na ujibu hoja kwa hoja. Mara nyingi shida yao ni maji taka, magari na madirisha yanayotazama uani mwao, na yote matatu yana dawa katika mchoro: tangi kubwa zaidi, nafasi ya magari ndani ya ploti, na dirisha la juu lenye kioo cha ukungu.

*Maombi yamekataliwa.* Una siku 14 tangu uamuzi utolewe za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, na usiporidhika na kamati, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa hapa Malindi. Dai sababu za kukataliwa kwa maandishi siku hiyo hiyo, kwa sababu siku hizo 14 hazikusubiri.

*Umebandikiwa notisi ya kusimamisha kazi.* Simamisha kazi siku hiyo, hata kama zege limeshachanganywa. Unaruhusiwa kuikatia notisi rufaa kwa kamati ile ile ndani ya siku 14 tangu uipokee. Ipige picha ikiwa bado mlangoni, uandike saa uliyoiona, kisha uende ofisini ukiwa na faili lako lote, ukianza na ile barua yenye muhuri wa hatua ya nne.